Kompyuta ya Shilingi Mia Tatu na Daftari la Fundi wa Likoni

Najua niliahidi kwamba makala inayofuata itakuwa sehemu ya pili ya somo letu la hifadhidata. Mniwie radhi, hifadhidata itangoja. Jumamosi iliyopita nilipata kitu huko Changamwe ambacho nimekitafuta kwa zaidi ya miaka ishirini, na tangu siku hiyo kazi za watu zimelala.

Nilikuwa nimekwenda kwa muuza skrepu kutafuta transfoma kuukuu. Mnazijua sehemu hizo: kompresa za friji, rejeta za malori, mota za feni, kila kitu kimelala kikisubiri mizani. Chini ya rundo la nyaya nikaona kibodi ya plastiki iliyokuwa ya kijivu zamani na sasa imekuwa manjano kama meno ya mvuta sigara. Juu yake, mahali ambapo kibodi ya kawaida haina kitu, kulikuwa na mdomo mrefu wa kuingizia kaseti ya gemu. Moyo ukanidunda.

"Hiyo ni kibodi tu, ndugu yangu," muuzaji akaniambia. "Kompyuta yake haipo."

Sikumbishia. Nikamuuliza bei, akasema mia tatu, nikatoa mia tatu. Hakujua kwamba kompyuta yenyewe imo humo humo ndani ya kibodi. Na mimi sikumwambia kwamba nyumbani nina daftari linaloingoja mashine hiyo tangu mwaka 1997.

Leo nataka niwasimulie historia ya mashine hii: ni nini, ilitoka wapi, ilifikaje mitaani kwetu Likoni na Kisauni, na kwa nini mtu mzima anayelipwa kuandika programu amekesha siku nne akiichokonoa kwa bisibisi. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo chukua chai.

Mashine yenyewe

Wengi wenu mliokulia Pwani miaka ya tisini mliiona, ila huenda hamkujua kama ni kompyuta. Sisi tuliita gemu ya TV. Ya kawaida ilikuwa kisanduku kidogo chenye pedi mbili na kaseti zilizoandikwa "gemu 999" huku ndani zimo sita tu, zinajirudia kwa majina tofauti. Lakini kulikuwa na aina nyingine, ya kibodi, iliyouzwa kama kompyuta ya kusomea. Ilikuja na kaseti ya mafunzo: kujifunza kupiga chapa, hesabu za watoto, na kitu kimoja kilichoitwa F-BASIC ambacho hakuna aliyekigusa.

Nilipofungua hii ya Changamwe nilikuta bodi ya kahawia yenye chipu mbili kubwa. Moja imeandikwa UA6527P, ya pili UA6538. Zote mbili ni za kiwanda cha UMC cha Taiwan. Ya kwanza ni prosesa, bongo la mashine. Ya pili huchora picha kwenye televisheni. Prosesa hupiga mapigo kama milioni 1.77 kwa sekunde, na kumbukumbu yake ya kazi ni kilobaiti 2. Narudia: kilobaiti 2. Simu yenye gigabaiti 4 ina kumbukumbu zaidi ya mara milioni 2 ya hiyo. Na bado watu walicheza, wakacheka, wakapigana kwa ajili ya zamu.

Chipu ya dola 25

Tuanzie mbali kidogo, maana ukoo wa chipu hii ni mrefu.

Mwaka 1974 kampuni za Intel na Motorola zilitoa prosesa zao za 8080 na 6800. Bei ya moja moja ilikuwa dola 360. Hiyo si bei ya mtu wa kawaida. Mhandisi mmoja wa Motorola aitwaye Chuck Peddle alikuwa akizunguka kwa wateja kuwaonyesha 6800, na kila alikokwenda aliambiwa jambo lilelile: nzuri, lakini ghali mno. Mwaka huohuo yeye na wenzake kadhaa wakahama Motorola, wakaenda kampuni ndogo ya Pennsylvania iliyoitwa MOS Technology, wakaketi kutengeneza prosesa ya bei rahisi. Ikatoka na transista takriban 3,500 tu. Wakaiita 6502.

Septemba 1975 waliipeleka kwenye maonyesho ya WESCON mjini San Francisco na kuiuza dola 25. Sheria za maonyesho hazikuruhusu kuuza ukumbini, kwa hiyo wakachukua chumba hotelini na kuwaelekeza wanunuzi huko. Peddle mwenyewe alisimulia baadaye kwamba waliweka mtungi wa kioo umejaa chipu ili watu waone kuwa mali ipo tele. Ukweli ni kwamba zilizokuwa nzima ni za juu tu, zile za chini zilikuwa mbovu! Muuza machungwa wa Kongowea angemwelewa Peddle mara moja.

Mmoja wa walionunua ni Steve Wozniak, na mwaka uliofuata 6502 ikawa ndani ya kompyuta ya kwanza ya Apple. Mwaka 1981 Waingereza wa Acorn waliitia kwenye BBC Micro. Mwaka 1982 ndugu yake wa karibu akaingia kwenye Commodore 64. Na tarehe 15 Julai 1983, huko Japani, Nintendo ikatoa Famicom, kazi iliyoongozwa na mhandisi Masayuki Uemura. Prosesa yake ilitengenezwa na kampuni ya Ricoh, na ndani yake alikuwa yuleyule 6502, isipokuwa njia yake ya kuhesabu kwa makumi ilikatwa. Wengi huamini ilikatwa ili kukwepa hataza. Famicom, pamoja na ile ya Marekani na Ulaya iliyoitwa NES, iliuzwa zaidi ya mashine milioni 60.

Na kuna tawi moja la ukoo huu ambalo hata wewe msomaji unalibeba mfukoni. Wale wale wa Acorn, walipotaka prosesa mpya baada ya BBC Micro, walikwenda Arizona kumtembelea Bill Mensch, mmoja wa waliounda 6502. Walitarajia kuona jengo kubwa na mamia ya wahandisi. Wakakuta watu wachache. Wakarudi nyumbani wakisema, kumbe hata sisi tunaweza. Sophie Wilson na Steve Furber wakaketi kuchora, na Aprili 1985 prosesa ya kwanza ya ARM ikaamka. Karibu kila simu ya kisasa unayotumia kutuma M-Pesa ina prosesa ya ukoo wa ARM. Chipu ya gemu ya Likoni na chipu ya simu yako si mama na mwana, lakini ni watu wa mtaa mmoja.

Ilifikaje kwetu

Famicom halisi haikufika kwetu kwa wingi. Ilikuwa ghali, na tena ilitengenezwa kwa televisheni za Japani zinazochora picha mara 60 kwa sekunde. Televisheni za Kenya zilifuata mfumo wa PAL, mara 50. Ungeichomeka tu, picha ingeteleza kama samaki.

Hapo ndipo wahandisi wa UMC walipoonyesha ufundi. Walitengeneza chipu zinazotoa picha ya PAL, lakini wakaongeza mistari mitupu isiyoonekana mwisho wa kila picha na kurekebisha mapigo ya prosesa, ili gemu zilizoandikwa kwa ajili ya Japani ziendelee kudhani ziko kwao. Ni nakala, ndiyo, na mengi yanaweza kusemwa kuhusu haki za mwenye mali. Lakini kunakili huku kulihitaji akili. Mashine za namna hii ziliuzwa Urusi kuanzia 1992 kwa jina la Dendy, na watoto wa huko wakazijua kabla ya kujua jina Nintendo. Kwetu zilikuja ndani ya makontena, zikashuka bandarini Kilindini, zikapanda maduka ya kisiwani, kisha zikavuka daraja la Nyali na feri ya Likoni hadi kwetu.

Tusisahau kwamba kuiona mashine kama hii ilikuwa bahati. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962, lakini nyumba nyingi mtaani kwetu hazikuwa nayo, na kompyuta ilikuwa kitu cha ofisini. Jirani zetu walikuwa na hadithi yao: mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni Bara, miaka ileile ambapo Zanzibar ilikuwa inaanza televisheni ya rangi! Kwa hiyo mtoto wa Pwani aliyepata kushika kibodi miaka ya tisini, hata kibodi ya gemu, alikuwa amepewa kitu.

Mimi nilipewa na mjomba. Alikuwa na kibanda cha gemu Kisauni, shilingi tano kwa dakika kumi, televisheni moja na benchi la mbao lililojaa watoto wasio na viatu. Mwaka 1996 alinunua mashine ya kibodi akidhani wazazi watalipia masomo. Hakuna aliyelipa. Watoto walitaka kupiga risasi, si kupiga chapa. Ilipoharibika akanitupia: "Chukua, mpwa wangu, ikipona ni yako." Nikaifunga kwenye kitambaa, nikapanda matatu, nikavuka feri nayo mapajani mpaka kwetu Likoni, kisha moja kwa moja kwa Fundi.

Fundi

Sitamtaja jina. Sisi watoto tulimwita Fundi tu. Alikuwa mtu wa bara, amekaa Likoni miaka mingi, na kibanda chake cha mabati kilikuwa si mbali na barabara iendayo feri. Kazi yake ilikuwa redio, pasi, na televisheni kwa wachache waliokuwa nazo. Kompyuta alikuwa hajawahi kufungua hata moja.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umeleta nini, kibodi ya kanisa?"

Aliifungua, akaitazama kwa muda mrefu bila kusema, kisha akachukua mita yake. Fundi hakuanza na vitu asivyovijua. Alianza na umeme, maana umeme anaujua. Adapta inaleta volti 9, chipu zinataka 5, kwa hiyo lazima pawe na mtu katikati anayepunguza. Akampata: kidude cha miguu mitatu kilichoandikwa 7805, kimeshikizwa kwenye kipande cha bati ili kipoe. Kilikuwa kimeungua. Akakifumua, akatafuta kingine kwenye mkebe wake wa maziwa ya unga, akalehemu. Shilingi 80, na mjomba akamlipa baadaye.

Mashine ikaamka. Tukaitafuta kwenye televisheni ya mteja kama mtu anavyotafuta stesheni, na ghafla skrini ikawa na menyu. Nikataka gemu. Fundi akanyosha kidole chake kwenye F-BASIC.

"Hii nayo ni ya nini?"

BASIC ni lugha iliyozaliwa mwaka 1964 katika chuo cha Dartmouth, Marekani, na John Kemeny na Thomas Kurtz, ili hata wanafunzi wasiosoma hisabati waweze kuamrisha kompyuta. Nintendo iliileta kwenye Famicom mwaka 1984 pamoja na kibodi, na watengenezaji wa nakala wakainakili pia. Haya yote nimeyajua ukubwani. Siku ile sisi wawili tulikuwa na karatasi moja tu ya maelekezo, Kiingereza kibovu, na mfano huu:

10 PRINT "HELLO"
20 GOTO 10

Fundi akaandika LIKONI badala ya HELLO. Skrini ikajaa Likoni kutoka juu mpaka chini, inatiririka haina mwisho. Akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema neno ambalo walimu wangu wote wa chuo hawakulisema vizuri zaidi: "Kumbe haijui kitu. Inafanya unavyoiambia tu."

Tangu siku hiyo nilikuwa kwake kila jioni nikitoka shule. Redio za watu asubuhi, BASIC jioni. Na hapo ndipo tulipogundua kasoro kubwa ya mashine: haikuwa na mahali pa kuhifadhi. Hakuna diski, hakuna chochote. Ukizima, programu yako imekwenda. Stima ikipotea, na Likoni stima ilikuwa ikipotea, imekwenda. Mara ya kwanza nilipoteza mistari arobaini na machozi yakanitoka. Fundi akafungua daftari lake la kazi, lile la jalada gumu alimoandika redio ya nani ina ugonjwa gani, akaligeuza nyuma mbele, na kuanzia siku ile kila programu iliandikwa humo kwa kalamu kabla ya kuzimwa. Ikawa sheria ya kibanda. "Andika kwanza, ndipo uzime."

Programu yake mwenyewe aliyoipenda ilikuwa ya feri. Haikuwa na picha. Ilihesabu abiria wanaopanda, mmoja mmoja, na ikifika idadi fulani inasema imejaa. Mtu wa mahali pengine ataona ni programu ya kitoto. Mtu wa Likoni hataona hivyo. Tarehe 29 Aprili 1994, miaka miwili tu kabla ya siku ile, feri ya Mtongwe ilizama ikiwa na watu kama 400 ilhali uwezo wake ulikuwa 300. Walikufa watu 272. Hakuna nyumba upande wetu ambayo haikumjua mmoja wao. Fundi hakunieleza kwa nini aliandika programu ile, na mimi sikumuuliza.

Agosti 1997

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, mwaka wa uchaguzi, watu wenye silaha walivamia kituo cha polisi cha Likoni na kile kidogo cha feri. Polisi sita waliuawa. Kisha ikawa zamu ya wakazi waliotoka bara. Vibanda vikachomwa, vijikaratasi vikasambazwa vikiwaambia warudi kwao. Watu wengi walikimbilia kanisa katoliki la Likoni na maelfu wengine wakavuka kwenda mbali. Mpaka ghasia hizo zilipotulia, zaidi ya watu 100 walikuwa wameuawa.

Kibanda cha Fundi kilichomwa pamoja na redio za watu, mita, mkebe wa maziwa, na mashine yangu ndani yake. Yeye mwenyewe aliondoka salama, niliambiwa na watu waliomwona. Sikumwona tena.

Daftari halikuungua kwa sababu moja tu: siku mbili kabla, alikuwa ameniazima nikanakili programu nyumbani. Nilikuwa kijana wa darasa la saba na nilikuwa nalo chini ya godoro wakati moshi unapanda. Kwa miaka mingi nililiona kama deni. Nimehama nalo nyumba sita. Nilipopata kazi ya kwanza ya kuandika programu lilikuwa kwenye mkoba.

Nawaambieni haya kwa sababu historia ya kompyuta ya Mombasa ikisimuliwa, huanzia kwenye mambo makubwa. Juni 2009, Rais Kibaki alikuja Fort Jesus kupokea waya wa TEAMS uliotoka Fujairah chini ya bahari, na mwezi uliofuata waya wa SEACOM ukaanza kazi. Kuna picha, kuna hotuba, kuna magazeti, na ni haki yake. Bila nyaya zile mimi nisingekuwa na ajira hii. Lakini kuna waliotufundisha kwamba mashine hufunguliwa, hupimwa na huamrishwa, miaka kumi na mitatu kabla ya waya kutua. Wao hakuna aliyewapiga picha.

Kuiwasha tena

Haya, turudi mezani. Kwa wale wanaotaka kujaribu na mashine yao ya zamani, hivi ndivyo nilivyofanya:

1. Usiiwashe kwanza. Najua hamu yako. Usiiwashe.

2. Pima adapta kwa mita kabla haijagusa bodi. Adapta za zamani hugeuza chanya na hasi kinyume cha unavyodhani, na chipu haisamehe.

3. Angalia kapasita. Ikiwa imevimba kichwani au imetoa majimaji, badilisha. Nilibadilisha mbili.

4. Hewa yetu ya chumvi hula shaba. Midomo ya kaseti ilikuwa ya kijani. Nilisugua kwa raba ya shule, kisha spiriti.

5. Vitufe visivyoshika: chini yake kuna mpira wenye tabaka jeusi linalopitisha umeme, na huchakaa. Fundi alikuwa akipaka risasi ya penseli laini. Nimepaka. Inafanya kazi mpaka leo.

6. Televisheni. Utahitaji ile ya kichogo, yenye kioo kizito. Nyingi zilitupwa baada ya Kenya kuhamia matangazo ya dijitali mwaka 2015. Ukiipata, usiifungue mwenyewe kama hujui: kioo kile hushika umeme wa maelfu ya volti hata ikiwa imechomolewa ukutani.

Ile 7805 ilikuwa nzima. Nikaichomeka Jumanne usiku, nikageuza kisu cha stesheni, na menyu ikatokea na ule muziki wake wa nyuki. Kaseti nilikuwa nimeipata mapema kwa mtu mmoja wa Kisauni. Nikachagua F-BASIC. Nikafungua daftari nyuma mbele.

Ukurasa wa feri mchwa wameupitia. Kuna tundu, na limekula mstari wa 50. Kilichobaki ni hiki:

10 A=0
20 PRINT "FERI LIKONI"
30 A=A+1
40 PRINT A
50 IF A=
60 GOTO 30
70 PRINT "IMEJAA. NGOJA"

Kwa mwandishi wa programu nusu ya fumbo ni rahisi. Mstari wa 60 unarudi 30 kila mara, kwa hiyo bila amri ya kuruka, mstari wa 70 usingefikiwa kamwe. Mwisho wa mstari wa 50 lazima uwe THEN 70. Lakini idadi yenyewe, ile ambayo Fundi aliona feri imejaa, imo tumboni mwa mchwa.

Nikaandika programu bila mstari wa 50, kuona tu kama mengine yanafanya kazi. Yakafanya. 1, 2, 3, abiria wakaanza kupanda. Nilikuwa nimeegemea kiti, nimefurahi kama mtoto. 100. 200. Nambari zinapanda skrini zikipotea juu. 298, 299, 300. Nikakaa wima. 301, 302. Hakuna wa kuizuia, haijui kitu, inafanya inavyoambiwa tu. Ilipopita 400 nikabonyeza kuisimamisha, na nikaona mkono wangu unatetemeka kidogo.

Kisha nikaandika:

50 IF A=300 THEN 70

Sijifanyi kwamba hiyo ndiyo nambari yake. Huenda aliandika ndogo zaidi, alikuwa mtu wa tahadhari. 7805 iliyoandikwa kuhimili ampea moja yeye aliipa nusu. Nimeandika yangu kwa kalamu ya rangi nyingine, pembeni ya tundu, na tarehe, ili atakayesoma baadaye ajue mkono upi ni wa nani. Ikakimbia, ikafika 300, ikasema IMEJAA. NGOJA.

Niliiacha pale kwa muda. Nilijua nikizima tu imekwenda tena, kama ilivyokuwa 1996. Lakini safari hii nimepiga picha kila ukurasa wa daftari, pamoja na redio za watu na madeni yao, na nakala ziko mahali patatu.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mnao mafundi huko mliko, Likoni, Kisauni, Changamwe, Tanga, Unguja, Goma, mahali popote. Wengine wana miaka sabini na vichwa vyao vimejaa saketi ambazo hazimo kwenye kitabu chochote. Nendeni na daftari. Waulizeni walianza na mashine gani, waliitengenezaje wakati hakuna spea, nani aliwafundisha. Andikeni kwanza.

Na wewe Fundi, ikiwa uko mahali unasoma haya: daftari lako ninalo, ni zima isipokuwa tundu moja. Mama wa Mtongwe mwenye redio ya Sanyo bado anadaiwa shilingi 60.

Wiki ijayo, hifadhidata. Safari hii kweli.